Anko, simu inaweza kunisomea maandishi ya miaka 800?

SWALI: Shikamoo Anko. Mi naongoza watalii hapa Arusha, mvua za mwezi wa nne zikianza tunakaa tu. Mgeni mmoja kaniambukiza ugonjwa wa vitabu vya Ulaya vya enzi za kati, vile vya kuandikwa kwa mkono. Nikivikuza kwenye simu naona vijiti tu! Hakuna programu nikaipa picha ikanisomea yote? – Wa Sakina

JIBU: Marahaba. Ipo, inaitwa Transkribus, chimbuko lake Chuo Kikuu cha Innsbruck kule Austria, unaipa picha inatafuta mistari halafu inakuandikia. Ila mdogo wangu ile inakisia, na inakisia vizuri mwandiko unaofanana na ile iliyofundishwa, sasa ukikutana na mwandishi mwenye mwandiko wake wa peke yake itabidi kurasa kadhaa uzisome mwenyewe uzichape ndo ijifunzie hapo, na ukiilisha makosa itakurudishia makosa bila aibu.

Kwa hiyo macho kwanza. Hivyo vijiti sio macho yako mabovu, kwenye mwandiko wa Gothic, ule wa enzi za kati wa herufi zilizobanana, i, n, m na u zote ni vijiti, neno la Kilatini minimum lina vijiti 15 vimepangana kama uzio na i mara nyingi haina nukta! Halafu ngozi ya kuandikia ilikuwa ghali, wakawa wanakata maneno kama sisi kwenye meseji, ukiona kimstari juu ya herufi mara nyingi kuna m au n imemezwa. Amua mapema unaijazia au unaiacha ilivyo, ukifanya leo hivi kesho vile hiyo mashine utaivuruga.

Picha zipo bure kwenye e-codices, tovuti ya Uswisi ya vitabu vya kuandikwa kwa mkono. Shusha ile kubwa kabisa, mi niliwahi kuhangaika na nukta moja siku nzima kumbe kitundu cha kinyweleo cha mnyama.

Mahali ambapo kompyuta naiamkia shikamoo ni maandishi yaliyokwanguliwa. Kuna kitabu cha sala cha mwaka 1229 kiliandikwa juu ya kazi za Archimedes, yule Mgiriki wa kale wa hesabu, zilizofutwa, wakakipiga picha kwa mianga tofauti pamoja na urujuanimno, ule mwanga jicho haliuoni, kompyuta ikaziunganisha, wino wa chini ukatokeza. Hapo jicho peke yake lingefika wapi?

Wewe Gothic iache kwanza. Tafuta vitabu vya karne ya 9 vya monasteri ya St. Gallen, Uswisi hukohuko, mwandiko wa Karolingia, herufi zimeachiana nafasi na nyingi utazitambua leoleo. Bando la usiku linatosha.