Umelazwa na bosi anataka ukate siku za likizo ya mwaka? Usikubali

Dada pole sana kwa homa, ila hapo kwenye kuambiwa ujaze fomu ya likizo ya mwaka kwa vile umelazwa, usijaze kabisa! Kwa hapa Tanzania Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 imetenganisha hivi vitu, likizo ya mwaka ni siku 28 na ugonjwa una siku zake 126 ndani ya mzunguko wa miezi 36, 63 za kwanza unalipwa mshahara wote na 63 zinazofuata nusu, na mwajiri haruhusiwi kukuchukulisha likizo ya mwaka badala ya ya ugonjwa hata kama wewe mwenyewe umekubali.

Kikubwa ni karatasi ya daktari aliyesajiliwa, bila hiyo wanaweza wasikulipe hizo siku na sheria itawalinda, kwa hiyo kabla hujaruhusiwa omba ED yako (Excuse Duty, yaani hiyo karatasi ya daktari ya kukupumzisha kazi) ipigwe muhuri na tarehe zisomeke vizuri, piga picha, tuma kwa HR leo leo kwa imeili, sio kwa mdomo. Inaniuma sana watu wakirudi kazini bado wanatetemeka eti wanatunza siku za likizo kwa ajili ya Krismasi.