Nilitia sahihi mzigo ambao sikuuhesabu. Nani alipe hasara?

SWALI

Assalaam alaykum Shekhe. Mimi ni kijana wa Kiislamu, nafanya kazi Igurusi, wilaya ya Mbarali. Nasimamia upakiaji wa mchele kwenye malori ya tajiri mmoja: napokea mzigo, nahesabu, naandika stakabadhi, natia sahihi, gari linaondoka. Mwezi wa tatu mama mmoja mfanyabiashara alileta magunia 110 ya kwenda Dar es Salaam. Siku hiyo nilikuwa na magari matatu ya kupakia, nikaandika 110 kama alivyonitajia, sikuhesabu. Dereva akaniambia, "Kaka, turubai limechanika sehemu mbili." Nikamjibu aende tu, anga ni jeupe. Mvua ikawapiga kwenye mlima wa Kitonga. Sokoni Tandale yakashushwa magunia 108, na tisa kati ya hayo yamelowa. Tajiri amemkata dereva posho ya safari tatu. Mama hajalipwa chochote, kwa kuwa chini ya stakabadhi zetu pameandikwa: "Mzigo unasafirishwa kwa dhamana ya mwenye mali." Mimi sijaulizwa na sijasema. Je, nani alipe? Hayo maandishi yanamwondolea tajiri jukumu? Na kunyamaza kwangu ni dhambi, wakati nikisema naweza kufukuzwa kazi nami nina familia?

JIBU

Wa alaykumus salaam wa rahmatullahi wa barakatuh.

Ndugu yangu, nitaanza na swali lako la mwisho, maana hayo mengine yanaweza kusubiri hesabu ila hilo haliwezi. Kila safari dereva anayokwenda bila posho, analipa deni ambalo wewe unajua si lake. Alikwambia turubai limechanika. Wewe ndiye uliyekuwa na uwezo wa kulizuia gari, na wewe ndiye uliyemwambia aende. Mwenyezi Mungu anasema katika Surat Al-Baqara, aya ya 283, kwamba tusifiche ushahidi, na mwenye kuuficha basi moyo wake umeingia dhambini. Aya hiyo inafuata mara tu baada ya aya ya 282, iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ile inayotuamrisha tuandikiane tunapokopeshana. Kwa hiyo ndiyo, kunyamaza kwako ni dhambi, tena ni dhambi yenye mtu anayeumia hivi sasa. Istighfari peke yake haitoshi, kwa sababu haki ya mja hairudi mpaka irudishwe kwake au asamehe mwenyewe.

Hofu ya kazi siidharau. Najua kupata kazi ya maandishi huku kwetu si jambo dogo, na najua wangapi wanasubiri nafasi yako pale pale uwanjani. Lakini angalia unachokilinda na unakilinda kwa mali ya nani. Chakula cha watoto wako kwa sasa kinatoka kwenye posho ya mwenzako.

Sasa tuje kwenye sahihi. Wengi wetu tunaiona kama mchoro wa kumalizia karatasi. Kisheria na kidini sahihi ya mpokea mzigo ni shahada: unashuhudia kwamba umeona kitu fulani, idadi fulani, katika hali fulani. Soma Surat Yusuf kuanzia aya ya 70 hadi 81, usome kama mtu wa kazi yako. Ni habari ya msafara umepakia nafaka. Kinapotea chombo cha kupimia cha mfalme, na mtu anatangaza kuwa atakayekileta atapewa shehena ya ngamia mmoja, "nami ni mdhamini wa hilo." Wanazuoni wa fiqhi wameichukua kauli hiyo kuwa dalili ya dhamana. Kisha unafuata ukaguzi, mizigo inafunguliwa mmoja mmoja. Na mwishoni, wale ndugu wanapotakiwa kurudi kwa baba yao, wanafundishwa la kusema: "Nasi hatushuhudii ila tunayoyajua." Hilo ndilo lililokupita siku ile. Ulishuhudia 110 bila kujua kama ni 110. Hata kama yalitimia kweli, ulishuhudia usilolijua.

Marehemu baba yangu alibeba mizigo stesheni ya Mbeya miaka ya mwanzo ya TAZARA. Hakusoma shule. Mfuko wa kulia wa koti lake ulikuwa na punje za mahindi, na kila magunia kumi yakipita mlangoni mwa behewa alihamisha punje moja kwenda mfuko wa kushoto. Karani akisema mia, yeye anatoa punje anazimwaga kiganjani. Nilikuwa mtoto na niliziona zile punje zilivyokuwa zimeng'aa kwa jasho la mikono. Sikuelezi haya kukuaibisha. Nakueleza kwa sababu kuhesabu hakuhitaji muda ambao hukuwa nao, kunahitaji mtu aone kuwa kumemlazimu.

Kuhusu nani alipe, wanazuoni wamelizungumza jambo la mchukuzi wa mizigo kwa karne nyingi na hawakuafikiana. Ali bin Abi Talib, Allah amridhie, anapokewa kuwa aliwatoza mafundi mali za watu zinazoharibikia mikononi mwao, akisema watu hawatatengenea ila kwa hilo. Imamu Shafii aliyataja mapokezi hayo na kusema wanazuoni wa hadithi hawayathibitishi. Wafuasi wa Imamu Malik wanamtoza mchukuzi wa chakula hasa, asipoleta ushahidi wa kumtoa, kwa sababu chakula mikono hukikimbilia haraka. Katika madhehebu yetu ya Shafii, ambayo ndiyo tunayoifuata wengi Afrika Mashariki, kauli yenye nguvu ni kwamba mkono wa mchukuzi ni mkono wa amana: halipi mpaka avuke mpaka au azembee. Na hapa kuna jambo linalonigusa kila nikilisoma. Rabi', mwanafunzi wa Imamu, anasimulia kuwa Shafii mwenyewe aliamini mwajiriwa hatozwi, lakini hakuwa akiitoa wazi fatwa hiyo kwa kuwa alichelea uharibifu wa watu. Aliwajua mafundi na wachukuzi wa mjini kwake.

Kwa shauri lako, tofauti hiyo haibadilishi sana hukumu, kwa sababu uzembe upo wazi. Mwezi wa tatu ni masika. Gari linatoka Usangu na litapita Makambako, Iringa, literemke Kitonga. Turubai lililochanika juu ya mchele katika msimu huo si ajali, ni uzembe. Ingekuwa turubai zima, kamba zimekazwa, halafu upepo wa mlimani ukaling'oa, ningesema ni kadari na mama astahimili.

Kwa hiyo mbele ya mama, mwenye kulipa ni tajiri. Yeye ndiye aliyechukua nauli, gari ni lake, turubai ni lake, na wewe ni wakala wake. Mama hana haja ya kujua nani alikosea ndani ya kampuni yenu. Baada ya hapo tajiri anageuka ndani. Dereva alionya, na aliyekuwa na amri akamwamuru aende. Posho yake irudishwe yote. Uzembe wa kuliruhusu gari ni wako. Ila kama tajiri alikwishaambiwa kabla ya siku hiyo kuwa turubai ni bovu na hakuleta jingine, basi hasara ya turubai hilo ameshiriki naye, na si haki akutupie wewe yote.

Namna ya kulipa ina utaratibu wake. Yale tisa yaliyolowa, mama anadai tofauti tu: bei ya mchele mkavu siku ile, toa bei aliyoyauzia yakiwa yamelowa. Fiqhi inaiita arshi. Akidai bei kamili na huku fedha ya mchele uliolowa ameshaitia kibindoni, atakuwa amekula kisicho chake. Yale mawili yaliyopungua ni tofauti. Mchele ni mali inayolipwa kwa mfano wake, kwa hiyo haki yake ni magunia mawili ya mchele wa aina ile ile na daraja lile lile. Kama ulikuwa supa ya Usangu, asipewe mchele wa kuchanganya. Wakiridhiana kulipana fedha, hakuna ubaya.

Lakini je, hayo mawili yalipakiwa? Hapa ukweli wako utaingia katika mtihani, kwa sababu tajiri anaweza kusema, "Kumbe hukuhesabu, basi huenda yalikuwa 108 tangu mwanzo." Usikubali ukiri wako ugeuzwe fimbo ya kumpigia mama. Tafuteni. Makuli wa Igurusi hulipwa kwa gunia, basi waulize siku ile walilipwa magunia mangapi. Mtu anayebeba kilo mia mgongoni hasahau hesabu ya ujira wake. Muulize mwenye mashine ya kukoboa. Gari limepita mizani zaidi ya moja njiani, na kama tiketi za uzito zimehifadhiwa, magunia mawili ni karibu kilo 200. Tiketi hazitakata shauri peke yake, kwa kuwa dizeli inapungua njiani na mzigo uliolowa unaongezeka uzito, ila zinaweza kuonyesha. Mkikosa yote, stakabadhi yenye 110 inabaki kuwa ukiri wa upande wenu, na mama ataapa kuwa alileta 110. Akiapa, apewe.

Nije kwenye yale maandishi ya chini. Mtume, rehema na amani zimshukie, amesema Waislamu hushikamana na masharti yao, isipokuwa sharti linaloharamisha halali au kuhalalisha haramu. "Kwa dhamana ya mwenye mali" likieleweka kuwa mama anabeba hasara ya ajali isiyozuilika, ni sahihi, na hata lisingeandikwa hukumu ingekuwa hiyo hiyo kwetu. Likieleweka kuwa mchukuzi anaweza kufunika mchele kwa turubai bovu, akachukua nauli na asiulizwe, ni sharti la kuhalalisha kula mali ya mtu kwa batili. Halifai, hata likichapwa kwa wino mwekundu.

Wenye meli nao walipita njia hii. Zamani waliandika kwenye hati zao za shehena masharti ya kujitoa katika kila kitu, hata uzembe wao wenyewe. Mwaka 1924 mataifa yakakubaliana mjini Brussels kanuni zinazoitwa za Hague: mwenye meli apakie, apange, atunze na kushusha mzigo kwa uangalifu, na sharti lolote la kumvua jukumu hilo ni batili. Akaachiwa udhuru kama wa tufani ya baharini na ubovu uliomo ndani ya bidhaa yenyewe. Na katika hati yake anashuhudia hali ya mzigo kwa jinsi unavyoonekana nje, basi. Hii nakutajia kwa sababu kuna vijana wa Rungwe na Njombe wanaopakia parachichi kwenye makontena ya baridi na wananiuliza swali linalofanana na lako. Kontena likishatiwa sili, anayelipokea hawezi kuapa juu ya kilichomo ndani, na dini haimtaki aape. Ila sili ikikutwa imekatika, au kontena linavuja, naye akaandika "hali nzuri" kwa kuwa mteja anataka hati safi, isiyotaja kasoro, ya kupeleka benki, huo ni ushahidi wa uongo. Tangu Julai 2016 kontena halipakiwi melini mpaka mpakiaji athibitishe uzito wake kamili, na anayebuni uzito huo anahatarisha watu wanaopita chini ya kontena hilo na mabaharia wanaosafiri nalo.

Wewe hukutakiwa kufungua kila gunia. Lakini kule Igurusi nani asiyelijua bambo? Mnunuzi analichomeka ubavuni mwa gunia, mchele unamwagikia kiganjani, anaunusa, anatafuna punje mbili asikie kama zinakatika au zinabonyea. Hakuna anayemwambia aharakishe. Mtume naye alipopita sokoni aliingiza mkono wake ndani ya rundo la chakula, vidole vikagusa unyevu. Mwenye mali akasema ni mvua. Mtume akamwuliza kwa nini hakukiweka kilicholowa juu ili watu wakione, kisha akasema anayefanya ghushi, yaani udanganyifu, si pamoja naye. Kwa mpokea mzigo kama wewe inatosha kuhesabu, kupapasa magunia ya chini na ya pembeni, kutazama mishono, kutazama turubai, na kuandika ulichokiona. "Magunia 110, matatu yameloa chini, turubai limechanika sehemu mbili." Ukiandika hivyo na tajiri akaamua gari liende, umetoka.

Fanya hivi wiki hii. Nenda kwa tajiri mwenyewe, usitume ujumbe wa simu, umweleze kwa mpangilio: sikuhesabu, dereva alinionya, nilimruhusu. Mwambie uko tayari kukatwa kidogo kidogo kwa fungu lako. Akikataa kumlipa mama, wewe hulazimiki kulipa deni la gari zima, ila mpe mama ushahidi wako akiuhitaji, hata mbele ya kadhi au baraza la kata. Akikufukuza, njoo msikitini tuzungumze, wapo waumini wenye maghala wanaotafuta mtu wa aina hiyo.

Kwa dereva nenda peke yako. Usimwombe msamaha mbele ya utingo wake wala kwa maneno ya mafumbo, mwambie waziwazi ulichokifanya. Na jambo moja hukulieleza katika swali lako, nami nimekuwa nikiliwaza tangu nilipolisoma: gari lile limeendelea na safari miezi yote hii, na hukusema kama turubai limeshonwa.