Kabla hujaisifia kasi programu yako ya sudoku

Julai ya Mbeya, alfajiri, baridi inauma mpaka vidole. Nilikuwa natengeneza mafumbo 40 ya sudoku (gridi ya 9 kwa 9 unayoijaza tarakimu 1 hadi 9 bila kurudia katika mstari, safu au boksi la 3 kwa 3) ya klabu ya hisabati ninayoisimamia, niyawahishe duka la fotokopi Mwanjelwa. Programu niliyoiandika mwenyewe iliyatoa yote kwa sekunde chache. Nikafurahi. Ijumaa mwanafunzi wa kidato cha pili akanifuata: "Mwalimu, mimi na mwenzangu tuna majibu tofauti, na yote yanakubali." Nikakagua. Kweli. Mafumbo 9 yalikuwa hivyo, na iliniuma, maana watoto wale walishinda nayo wiki nzima.

Basi ndugu yangu, kabla ya kuhesabu mafumbo kwa sekunde, amua kwanza lipi lihesabiwe. Sudoku halali ina jibu moja tu, hivyo lenye majibu mawili halimo. Wala usihesabu fumbo la jana ulilolibadilishia tarakimu, 1 ikawa 7, 7 ikawa 4. Kwa njia hiyo fumbo moja linaweza kuvaa sura 362,880, na bado ni lile lile.

Saa nayo usiitegemee peke yake. Laptopu ikipata moto inapunguza mwendo. Mimi nahesabu pia mara ambazo programu imelazimika kubahatisha. Idadi hiyo haibadiliki ukirudia jaribio kwa mbegu ile ile, yaani namba unayoipa programu ili izalishe mfuatano ule ule wa namba nasibu. Na tazama muda wa fumbo la katikati, kwani wastani huvutwa na mafumbo machache sugu.

Kilichoniokolea muda mwingi ni hiki. Programu hutengeneza fumbo kwa kufuta tarakimu moja moja kutoka gridi iliyojaa. Ukifuta, tuseme, 5 kwenye kisanduku, usitatue fumbo zima upya kutafuta majibu yote. Lilikuwa na jibu moja kabla ya kufuta, kwa hiyo jibu jingine likiwepo lazima liweke tarakimu nyingine pale. Ikataze 5 kwenye kisanduku hicho, kisha tafuta jibu lolote. Likipatikana hata moja, simama papo hapo na uirudishe 5. Unapobahatisha, anza na kisanduku chenye uwezekano mchache zaidi.

Usihangaike kufikia namba 17 za kuanzia. Mwaka 2012 mwanahisabati Gary McGuire na wenzake wa Dublin, Ireland, walionyesha kwa kompyuta kwamba fumbo la namba 16 lenye jibu moja halipo, na ya 17 ni adimu mno. Kwa wanafunzi, 26 au 28 zinatosha kabisa.

Siku hizi kila fumbo hupitia kikaguzi cha pili, nilichokiandika kwa njia tofauti na cha kwanza, ndipo naelekea Mwanjelwa.