Maswali na Majibu: Siku Moja Mlimani, Mbali na Kelele za Jiji

Shikamoo. Tunauza duka hapa Mwanza mjini hadi Jumamosi usiku. Je, Jumapili tukianza kupanda saa tisa alasiri tutawahi kushuka?

Marahaba. Hamtawahi, na swali hili nimelijibu mara nyingi mno. Kwetu jua huzama karibu saa moja kasoro jioni, na kwa kuwa tuko jirani na ikweta, giza huingia upesi. Milima yetu ni ya matale: mawe makubwa yaliyopandana, yenye nyufa kati yake ambazo majani makavu huzifunika, kiasi kwamba hata mchana mguu huzama kabla jicho halijaona. Anzeni saa moja asubuhi, jiwe likiwa bado baridi kiganjani, na muwe mmeshashuka ifikapo saa sita. Msimu wa mvua ndio usiseme, kwa sababu mawingu ya radi hujikusanya alasiri, na mtu aliyesimama juu ya jiwe tupu hana pa kujificha. Mwambieni pia mtu wa nyumbani mlima mnaokwenda na saa ya kurudi.

Kandambili zinafaa?

Hazifai. Nyoka aitwaye kifutu hujilaza njiani akifanana na majani makavu, wala hakimbii asikiapo hatua. Vaeni viatu vinavyofunika vifundo vya miguu.

Nina watoto wadogo. Tuanzie wapi?

Kisiwa cha Saanane, hifadhi ya taifa tangu 2013, ambako mtafika kwa boti muda mfupi tu na watoto watawaona pimbi wakiota jua juu ya mawe. Wasiwalishe chochote.

Tukishuka na jasho letu, tunaweza kujitosa ziwani?

Nawasihi msifanye hivyo. Konokono wa kwenye matete ya ufukweni hutoa mabuu madogo mno ya kichocho, hasa kuelekea saa sita mchana, yaani saa ileile mnayoshuka, nayo hupenya ngozi nzima isiyo na jeraha kwa dakika chache. Kujifuta kwa taulo si kinga ya kutegemewa. Bebeni maji ya kunywa, lita tatu kwa kila mtu mzima, na mkaoge nyumbani. Aliyekwisha kuoga ziwani asingoje kuona damu chooni: aende kituo cha afya, aeleze alioga wapi na lini, apimwe, kwani dawa ya prazikwanteli ipo na inatibu.