Umechaguliwa Kozi ya Kurejesha Ardhi? Njoo Tuongee

Juzi usiku nimepata ujumbe wa binti aliyemaliza kidato cha sita: "Kaka, niliomba famasi, nimechaguliwa urejeshaji wa ardhi na mazingira. Nyumbani wananicheka, eti nitakuwa bibi miti. Nithibitishe au nisubiri awamu ya pili?"

Mdogo wangu, mimi ilikuwa chaguo la nne. Mjomba aliyenilipia ada alikaa kimya siku mbili, halafu akaniuliza mezani, watoto wote wakisikia: "Kwa hiyo unaenda chuo kikuu kusomea kuchimba mashimo?" Ugali ulinikwama. Nilithibitisha kwa hasira tu, si kwa wito.

Miaka miwili ya mwanzo siisimulii. Kemia ya udongo, ekolojia, ramani, kusubiri boom, ile pesa ya kujikimu ya mkopo.

Mambo yalianza mwaka wa tatu nilipokwenda Shinyanga kufanya utafiti. Darasani tulikuwa tumeukariri mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga: 1986 mpaka 2004. Tuliandika kwenye mtihani kwamba misitu ilifyekwa kufukuza mbung'o, pamba ikaingia, ng'ombe wakaongezeka, mkoa ukabandikwa jina la jangwa la Tanzania. Tukaandika na ngitili, yale malisho ambayo Wasukuma huyafunga mvua zikianza ili mifugo ipate pa kula kiangazi. Mradi ulipoanza zilikuwa kama hekta 600, baadaye zikapita 300,000. Alama nilipata zote. Kuelewa, sikuelewa kitu.

Nilifika kijijini na miche 400 kwenye viriba, ile mifuko ya plastiki ya kuoteshea, kando ya korongo linaloweza kumeza lori. Ilikuwa Desemba, mvua inanyesha, vijana nimewalipa kwa shimo. Nilipiga picha nyingi sana. Juni nikarudi kuhesabu: iliyo hai, 41.

Nililaumu mbuzi. Nikalaumu mchwa. Kisha nikang'oa mche mmoja mkavu, ukatoka na kiriba chake. Plastiki haijachanwa, mizizi imejizungusha humo ndani kama kamba ndani ya ndoo. Nikang'oa wa pili, hivyo hivyo. Anayelipwa kwa shimo atachana viriba vya nini? Na mimi msimamizi nilikuwa kivulini natafuta mtandao.

Mzee mwenye boma jirani alikuwa ananitazama muda wote. Hakunicheka, bora angenicheka. Alinichukua mpaka kwenye ngitili yake, akainama kwenye kisiki cha mgunga chenye machipukizi kama kumi na matano, akayakata kwa panga akabakiza matatu yaliyonyooka. "Mzizi huu upo chini tangu enzi za babu," akasema. "Wewe unaniletea mtoto wa kwenye mfuko." Dodoma huko njia hiyo wanaiita kisiki hai. Ilikuwemo kwenye madaftari yangu, ukurasa mmoja, nimeupigia na mstari.

Niliandika ripoti kama ilivyo: 41 kati ya 400, sababu, kosa langu, na kisiki cha mzee. Msimamizi wangu wa chuo akairudisha na kalamu nyekundu: "Hesabu upya." Nikahesabu upya. Zikatoka 41. Nikapewa C. Mwenzangu ambaye shamba lake nilipita nikaliona kwa macho aliandika miche karibu yote imepona, akapewa A na kupigiwa makofi. Ni miaka minane sasa. Nimesamehe, ila sijasahau, na ukiona naandika kwa ukali hapa ujue ni ile kalamu.

Mwezi uliopita nimekabidhi machimbo ya kokoto niliyoyafanyia kazi miaka mitatu. Mwenye eneo alitaka maembe haraka haraka. Nikamsimulia Bamburi, Mombasa, ambako mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo Rene Haller alianza kupanda mivinje kwenye mwamba mtupu uliobaki baada ya kuchimbwa malighafi ya saruji. Mivinje ilikubali, lakini majani yake yaliyodondoka yalikataa kuoza, mpaka walipoletwa jongoo wakayala. Ndipo udongo ukaanza kupatikana. Jongoo, mdogo wangu! Mwenye machimbo alinitazama kama nimelewa, lakini alisubiri. Leo kuna nyasi za kumficha ndama. Na mjomba sasa ananitambulisha kwa wageni kama "mtaalamu wetu wa mazingira".

Kwa hiyo thibitisha. Kazi zipo, maana wenye migodi wanadaiwa mpango wa kufunga mgodi na fedha ya dhamana ya kuurekebisha. Lakini vijana tuache kupenda picha za kupanda miti. Waziri anapanda, mkurugenzi anapanda, nani anarudi Juni? Rudi Juni. Chana kiriba. Ukifika Usukumani, salimia "mwangaluka" kabla hujatoa GPS, ukae, unywe uji, uulize nani analisha wapi na nani anamkamata akivunja makubaliano. Ng'ombe ana mwenyewe, na huyo mwenyewe ndiye mtihani wako. Na hesabu unachokiona, hata kama kalamu nyekundu inakusubiri.

Umeuliza pia kama kuna hesabu nyingi. Zipo. Takwimu nilikula supu, yaani nilifeli nikarudia mtihani.