Mchumba wa mdogo wangu ni mteja wa kliniki yetu: niseme au ninyamaze?

SWALI: Assalaam alaykum warahmatullah, sheikh wetu. Mimi ni muuguzi Tanzania Bara, nahudumu kliniki ya tiba na matunzo (CTC). Binti wa mama yangu mdogo ameposwa, mahari imeshatajwa na nikah imepangwa baada ya Ramadhani. Aliyemposa ni mteja wetu, anatumia dawa za kufubaza VVU. Sijui kama amemwambia. Nikinyamaza naona namsaliti mdogo wangu, nikisema naona nakhini kazi yangu. Hadithi ya Fatima bint Qays si inaruhusu kutaja aibu ya mposaji? Na mdogo wangu akiniuliza waziwazi nimjibu nini?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakaatuh. Sifa njema zote ni za Allah, na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, aali zake na masahaba zake.

Dada yangu, si halali kwako kumwambia mdogo wako, wala mama yake, wala walii wake, yale uliyoyajua kupitia kliniki. Lakini katazo hilo si ruhusa ya kukaa ukingoja siku ya nikah. Una kazi ya kufanya, na mlango wake ni huyo mteja mwenyewe.

Allah ameamrisha katika Suratun Nisaa, aya ya 58, amana zirudishwe kwa wenyewe, na katika Suratul Anfal, aya ya 27, amewakataza waumini kukhini amana zao hali wanajua. Na katika hadithi ya Jabir iliyopokewa na Abu Dawud na Tirmidhi, Mtume (s.a.w.) amesema kwamba mtu akizungumza jambo kisha akageuka, basi hilo ni amana. Msemaji hakuapisha mtu wala hakusema "usimwambie fulani"; kule kugeuka kutazama kama kuna anayesikia kumetosha. Sasa mtu anayeruka vituo viwili vya afya vilivyo karibu na kwao akachukue dawa asikojulikana, kisha akifika nje anahamisha vidonge kwenye bahasha kwa sababu kopo likitikiswa linalia, huyo amegeuka mara ngapi?

Kuna jambo jingine ambalo wewe walijua kuliko mimi. Siri moja ikivuja kutoka chumba cha kliniki, haimwumizi mtu mmoja tu. Wateja wengine wakisikia, wanaacha kuja. Anayeacha dawa, virusi vyake vinapanda tena, na hapo ndipo anapoweza kuambukiza. Kwa hiyo neno ulilolitoa kwa nia ya kumkinga binti mmoja linaweza kuwafungulia maambukizi wake za watu usiowajua kabisa. Kanuni ya fiqhi inasema dhara haiondolewi kwa dhara iliyo mfano wake, sembuse iliyo kubwa kuliko yenyewe.

Hadithi ya Fatima bint Qays (r.a.) ni sahihi, ameipokea Muslim. Aliposwa na Muawiya na Abu Jahm, akaenda kumtaka ushauri Mtume (s.a.w.), naye akamwambia kwamba Muawiya ni fakiri asiye na mali, na Abu Jahm hateremshi fimbo begani mwake, kisha akamshauri aolewe na Usama bin Zayd. Kwa hadithi hii na mfano wake, Imam Nawawi amehesabu ushauri wa ndoa miongoni mwa sehemu sita ambazo kumsema mtu hakuwi ghiba ya haramu. Ila angalia mambo mawili. Kwanza, Fatima ndiye aliyekwenda kuuliza. Pili, ufakiri wa mmoja na ukali wa mwingine ni mambo yanayojulikana kwa kuishi na watu. Hawakumfunulia Mtume hayo katika matibabu. Kama ungelijua jambo la mposaji kwa ujirani, kwa mfano kwamba anapiga wake zake au ana deni analolikana, ukaulizwa, ingekupasa useme kwa kadiri ya haja bila kuzidisha. Ulichokisoma kwenye faili kina mwenyewe, na hakikukufikia ila kwa sababu alihitaji tiba.

Wapo wanachuoni wa zama hizi walioona kwamba mtabibu anaweza kumwonya mchumba mahususi aliye hatarini, na hoja yao si dhaifu: uhai wa mtu ni mzito. Nami sikatai msingi huo. Ninachokataa ni muuguzi mmoja kuutekeleza peke yake, kwa simu, usiku, kwa mama mdogo. Majmaa ya Kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu, yaani baraza la wanachuoni wa nchi za Kiislamu, ilipokutana Brunei mwaka 1993 iliamua kwamba siri ya tiba ni amana, na kwamba yapo mazingira ya kuitoa, ya wajibu au ya ruhusa, pale dhara ya kuificha inapozidi dhara ya kuitoa. Lakini ikaweka sharti ambalo wengi hulisahau: mazingira hayo yaandikwe katika taratibu za taaluma, yahesabiwe moja moja, na ibainishwe siri itolewe vipi na kwa nani. Maana yake si kila mwenye ufunguo wa kabati la mafaili ni mufti wa nafsi yake.

Sheria ya nchi yako haipingani na hili. Sheria ya VVU na UKIMWI ya mwaka 2008 inaagiza majibu ya vipimo yawe siri, na wajibu wa kumjulisha mume, mke au mwenza imeuweka juu ya mwenye maambukizi mwenyewe, amjulishe mara anapojua. Azimio jingine la kikao kile cha Brunei lilisema vivyo hivyo kuhusu wanandoa: aliyeambukizwa amweleze mwenzake na washirikiane katika kinga. Hivyo huyo bwana ana deni la kisheria na la kidini. Kazi yako ni kumsaidia alilipe.

Fanya hivi. Kabla ya yote, mweleze muuguzi mfawidhi kwamba una undugu na mtu anayehusika na mteja huyu, na umwombe faili lake lihudumiwe na mwenzako. Usiitaje posa mbele ya wafanyakazi wengine. Mtu mwenye damu yake ndani ya jambo hawezi kutoa ushauri nasaha ulionyooka. Ama atatisha, ama atalia, na mteja akijua wewe ni nani kwa bi harusi atahisi ametegwa na hatarudi.

Kisha mshauri nasaha amkalishe katika hudhurio lake lijalo, au amwite mapema kwa njia ya kawaida ya kliniki, amuulize lile swali ambalo kila mteja anapaswa kuulizwa: una mwenza, au unatarajia kuoa? Anajua hali yako? Hapa isitajwe kwamba kuna aliyeleta habari. Huenda akasema ameshamwambia, na binti ameridhia, na wewe ulikuwa unabeba mzigo ambao haupo. Hili hutokea sana, kwa sababu binti naye ana haki ya kutomtangazia jamaa zake siri ya mchumba wake.

Akisema hajamwambia, apewe njia. Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2016 linapendekeza huduma ya kuwajulisha wenza kwa hiari, na njia zake ni nne. Mteja aseme mwenyewe baada ya kufundishwa namna ya kusema. Au wakubaliane muda maalumu, ukipita hajasema, mtoa huduma amjulishe mwenza kwa idhini ileile aliyoitoa. Au mtoa huduma amjulishe mwenza moja kwa moja, kwa ridhaa ya mteja. Au wakae watatu chumbani, mteja aseme na mtaalamu awe pembeni kujibu maswali. Kwa wachumba wa kwetu naona hii ya mwisho ndiyo bora, kwa sababu binti akisikia neno hili barazani bila mtaalamu, atasikia kifo tu. Akilisikia kliniki, atasikia pia kwamba mwenye virusi chini ya nakala 200 kwa mililita, akaendelea na dawa bila kukatiza, hamwambukizi mwenzake kwa tendo la ndoa; kwamba zipo dawa za kinga kwa asiye na maambukizi; na kwamba wanaweza kuzaa mtoto aliye salama. Ndoa yao ni halali kabisa akijua na akaridhia. Na akijua akakataa, hana lawama.

Wala mtu asiingize dhana ya zinaa hapa. Waliozaliwa na virusi leo wana umri wa kuoa na kuolewa, na wapo walioambukizwa na wenza wao wa halali. Allah amekataza dhana na upelelezi katika Suratul Hujurat, aya ya 12. Na hapo nikuulize: ulijua kwa sababu ulimhudumia, au ulisikia jina la mposaji nyumbani ndipo ukaenda kufungua rejista kutafuta? Kama ni la pili, huo ndio upelelezi wenyewe, tubia kwa Mola wako na usirudie hata kwa ndugu wa tumbo moja.

Tuje kwenye hali ngumu: mteja ameshauriwa, akasema wazi kwamba hatamwambia, na dawa hanywi ipasavyo. Hapa hatari ina jina na tarehe. Mshauri asiimalize kimya kwenye faili. Jambo lipelekwe kwa mganga mfawidhi, na kituo kifuate utaratibu wake na kitake uongozi wa kisheria ndani ya siku chache, kabla ya nikah. Ikiamuliwa binti ajulishwe, ajulishwe yeye tu, na mtaalamu aliyepangwa, kwa kiasi cha kumkinga. Si baba, si imamu wa msikiti, si kundi la WhatsApp la ukoo. Wewe sisitiza mpaka jambo lishughulikiwe. Kusisitiza ndani ya kituo ni wajibu wako na si kutoa siri.

Je, unaweza kuwashauri wachumba wakapime? Ndiyo, kwa sharti kwamba ni ushauri unaompa kila mchumba. Ukiwa hujawahi kulisema neno hilo kwenye harusi yoyote ya ukoo, leo ukamshikilia huyu mmoja, umeshasema kila kitu bila kutamka. Ni vizuri walii wa kila binti auweke upimaji kuwa desturi ya posa, kwa hiari, kwani kumlazimisha mtu kupima sheria hairuhusu isipokuwa katika hali chache. Waende pamoja, siku moja, na wakubali kupokea majibu wakiwa wote wawili. Cheti kilicholetwa mkononi hakitoshi: kinaweza kuwa cha zamani au cha mtu mwingine. Na majibu hasi hayamalizi jambo kama mtu alikuwa hatarini hivi karibuni. Apime tena baada ya miezi mitatu.

Mdogo wako akikuuliza uso kwa uso, usiseme uongo, wala usiseme "silijui baya lolote kwake". Imepokewa kutoka kwa Imran bin Husayn (r.a.) kwamba katika maneno ya kufumba mna nafasi ya kumwepusha mtu na uongo. Lakini kwa kazi yako naona lililo salama zaidi ni jibu moja lisilobadilika: "Mdogo wangu, mimi huwa sijibu kuhusu mtu yeyote, awe anakuja kwetu au haji. Nendeni mkapime pamoja." Lianze leo, na uwajibu hivyo wote. Kwani ukizoea kusema "hapana, huyo simjui" kwa wasio wateja, kisha ukanyamaza kwa aliye mteja, kunyamaza kwako kutakuwa ndiyo jibu.

Ikiwa nikah itapita na baadaye binti akagundua alifichwa, ndoa haijawa batili kwa hilo peke yake, ila ana haki ya kudai kutengana. Majmaa imelithibitisha hilo Abu Dhabi mwaka 1995 kwa mwanandoa aliye mzima. Aanze kwa kadhi au baraza la usuluhishi, na kabla ya hapo akapime. Kama ameingiliwa ndani ya saa 72 zilizopita, awahi kituo cha afya saa hiyohiyo apewe dawa za kuzuia maambukizi, asingoje kikao cha wazee.

Na kama neno limeshakutoka kwa mama mdogo kabla hujaandika swali hili, mrudie leo umwombe akomee hapo, mweleze mfawidhi wako ukweli ili kituo kijue namna ya kumlinda mteja, kisha umtake radhi mwenye siri pale utakapohakikishiwa na mshauri kwamba kumwambia hakutamzidishia madhara.

Wallahu aalam.