Uliza Ujibiwe: Nataka kutafiti mazao yanayovumilia ukame, nianzie wapi?

SWALI: Habari za kazi. Nimemaliza sekondari, baiolojia na kemia nimefaulu vizuri na napenda sana mimea. Nataka nije kuwa mtafiti wa mazao yanayovumilia ukame ila kaka yangu ananicheka, anasema hiyo ni kazi ya kushika jembe ukiwa na digrii. Nisome nini, itachukua muda gani, na kazi yenyewe siku kwa siku ikoje? – Mpenda Mimea

JIBU: Mdogo wangu, kaka yako hajakosea sana, jembe lipo kweli. Kuhusu masomo sikai sana: digrii ya kwanza ya botania, kilimo au baioteknolojia, miaka mitatu minne, masters miwili, PhD mitatu mpaka mitano hivi, na hesabu usiikimbie hata kidogo, nitairudia chini.

Kazi yenyewe sasa. Watu wakisikia utafiti wanawaza koti jeupe na darubini, kumbe sehemu kubwa ni kupima vitu vidogo vinavyochosha tena kwa kurudiarudia. Chukua jani tu. Unakata vipande vidogo vya duara, unavipima uzito fasta kabla havijanyauka, unaviloweka kwenye maji masaa kadhaa mpaka vishibe, unapima tena, halafu unavitia kwenye oveni vikauke kabisa na unapima mara ya tatu, hapo ndo unajua jani lilikuwa na maji kiasi gani kulinganisha na uwezo wake wote. Sasa fanya hivyo kwa mamia ya mimea na kwa saa ileile, maana jani la asubuhi na jani la saa nane mchana usidhani yatakupa jibu moja.

Mahindi ndo yanafundisha zaidi. Kule juu mbelewele inamwaga chavua, huku chini kwenye gunzi zinatoka zile ndevu, na kila unywele mmoja unaenda kwenye punje yake. Ukame ukibana kipindi hicho chavua inamwagika karibu kama kawaida ila ndevu zinachelewa, zinakuja kuchomoza wakati chavua imeshaisha, unavuna gunzi lina mapengo. Watafiti wa CIMMYT, kile kituo cha mahindi na ngano kilichopo Mexico, wakaifanya hiyo tofauti ya siku kuwa kipimo, wakawa wanachagua mimea ambayo hata ikikosa maji ndevu zake hazichelewi sana, na mavuno ya kwenye ukame yakapanda. Yaani ni mtu anapita kwenye mistari kila siku anaangalia nani katoa chavua nani katoa ndevu, basi.

Kitu kingine ambacho wanafunzi wengi wanakipita: mmea kutokufa sio sawa na mmea kutoa mavuno. Mmea unaofunga haraka vile vitundu vya jani, stomata, unaokoa maji sawa, lakini kwa vitundu hivyohivyo ndo unaingiza kaboni dioksaidi ya kutengenezea chakula, so ukifunga mapema sana utaishi na usizae cha maana. Mimi majaribio ya kuacha kumwagilia vikopo mpaka kila kitu kinyauke, halafu unamwagilia na kupiga picha waliofufuka, huwa yananichosha. Kwenye kikopo mizizi inagonga chini mapema na udongo unakauka ndani ya siku chache, shambani unakauka taratibu kwa wiki kadhaa na mizizi ina nafasi ya kufuata maji chini. Ni stresi mbili tofauti kabisa.

SWALI: Nimesikia kuna jeni moja tu ilifanya mpunga usife kwenye mafuriko. Si watafute na ya ukame yaishe? – Msomaji

JIBU: Umesikia kweli, inaitwa Sub1A. Mpunga wa kawaida ukizama unajirefusha kwa nguvu utoke juu ya maji, unamaliza akiba yote, maji yakishuka unaanguka na kufa. Wenye Sub1A unatulia tu, unabana matumizi, maji yakitoka unaendelea, unaweza kukaa chini ya maji wiki mbili hivi. Lakini angalia muda: aina ya zamani ya India, FR13A, ilishajulikana inavumilia, mahali jeni ilipo kwenye kromosomu pakatangazwa 1996, jeni yenyewe 2006, na mbegu ya Swarna-Sub1 ikaruhusiwa India 2009. Na hapo ndo ilikuwa kesi nyepesi! Ukame unaweza kuja mche ukiwa mdogo, ukaja kwenye maua, ukaja punje zinajaa, tena mara nyingi umeongozana na joto, na dawa ya huu inaweza kuwa sumu ya ule. Mizizi mirefu haisaidii kitu kama chini kwenyewe hakuna maji. Ndo maana jeni nyingi zinachangia kidogo kidogo.

SWALI: Nina masters na nipo kwenye mradi wa stresi ya chumvi (mimea inavyoteseka chumvi ikizidi), mkataba wangu unaisha kabla hata sijapata msimu wa pili shambani. Nihame fani? – Nimechoka

JIBU: Pole sana, hilo tatizo ni la kweli, fedha zinaenda kwa miaka miwili mitatu na kupata mbegu mpya kwa njia ya kawaida ni miaka kumi hivi. Kuna njia ya kuharakisha, watu wa Queensland, Australia, walionyesha 2018 kwamba ngano ikiwashiwa taa masaa 22 kwa siku inaweza kutoa mpaka vizazi sita kwa mwaka, ila hiyo inaharakisha vizazi tu, msimu wa shambani utausubiri kama wenzako. Kabla hujahama hakikisha umejua takwimu na R, ile programu ya kompyuta ya kuzichambua, vizuri, maana mtu anayejua kupanga jaribio na kuchambua data zake anagombewa na kampuni za mbegu, benki za mbegu na vituo vya utafiti kama IRRI (cha mpunga) na ICRISAT (cha mazao ya maeneo makavu). Data za msimu wako mmoja zipange leo, andika pH (kiwango cha asidi) ya udongo, chumvi ya maji na tarehe za kupanda, atakayekuja baada yako aweze kuunganisha na za kwake. Na kwenye ombi la mradi ujao andika misimu miwili tangu mwanzo, wafadhili wakikata wakate idadi ya mistari shambani, sio msimu.